Sare za Chama cha Siri

Wiki iliyopita tulimwacha Hamdani ameinama, jicho moja limebanwa kwenye tundu la mlango wa chekechea, na nyuma yake mafundi wote wa karakana ya Elikana wamezuia pumzi.

"Ni nani?" Mwanvua alinong'ona.

"Bosi."

"Bosi gani?"

"Kwani sisi tuna mabosi wangapi, dada Mwanvua? Elikana. Yuko peke yake." Hamdani akachungulia tena. "Na amevaa kama sisi."

Kwa wewe uliyekuwa safarini, au uliyemwazima jirani gazeti la wiki iliyopita na mpaka leo hajarudisha, mambo yenyewe ni mafupi. Elikana ana karakana ya kushona sare za shule pale Buzebazeba. Hivi karibuni alimfukuza Recho, fundi wa mikono ya mashati, kwa kosa la kuwa na mimba. Alisema mimba na cherehani havikai meza moja. Mafundi wakakasirika, wakaamua kuanzisha chama, tena si cha karakana ile tu bali cha washonaji wa mkoa mzima, na mjumbe akafunga safari kutoka Kasulu kuja kuwaunga mkono.

Mkutano ulikuwa wa siri, Jumapili mchana, kwenye chekechea moja ya Ujiji. Watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Uamuzi wa kwanza ulikuwa umekwisha kupita: kesho Jumatatu hakuna mguu utakaokanyaga pedali mpaka Recho arudishwe kwenye cherehani yake. Ndipo mlango ukagongwa.

"Mfungulie," Mwanvua alisema. "Tutafanyaje sasa, tutokee dirishani?"

Elikana aliingia akitabasamu. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu, anayemfukuza mtu kazi kwa upole uleule anaoombea chakula. Shati lake lilikuwa la kitenge cha bluu chenye mabawa ya njano. Gauni la Mwanvua lilikuwa la kitenge cha bluu chenye mabawa ya njano. Shati la Hamdani nalo vivyo hivyo, na magauni ya wengine wote. Hapa kwetu hakuna shughuli isiyo na sare, na mafundi cherehani wangekuwa watu wa mwisho duniani kuzindua chama chao kila mtu na nguo yake. Kwa hiyo chama kilikuwa cha siri, na sare ilikuwa ya lazima.

"Hamjambo wanangu," Elikana alisema.

Wote wakasimama.

"Shikamoo bosi," wakaitikia kwa sauti moja, kama watoto wa chekechea ileile wanavyomwamkia mwalimu wao. Hata Recho, aliyefukuzwa na mtu huyuhuyu, alijiinua akishika kiuno. Hilo, msomaji, ndilo tendo la kwanza la pamoja la chama huru cha washonaji wa mkoa wetu, na mimi naliandika kama lilivyotokea.

Kisha likaja suala la kiti. Humo ndani kiti cha mtu mzima kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu, na aliyekikalia alikuwa Mwanvua kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Macho ya watu yakamgeukia. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakamwasha, lakini alizaliwa na kulelewa Ujiji, ambako hata mtu akija kukubomolea nyumba unamkaribisha kwanza akae. Akasimama. Elikana akakaa. Mwenyekiti akaenda kujibana kwenye kiti cha mtoto.

"Nani amekwambia tuko hapa?"

Aliyeuliza ni Léoncie. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa Ujiji, akazaa Ujiji, lakini ile desturi ya Ujiji ya kuzunguka jambo mara saba kabla ya kulisema haikumwingia. Wengine walikuwa wamekwisha kumkodolea macho Hamdani. Yeye ndiye mkataji, ndiye anayeingia ofisini kwa bosi kuchukua vitambaa.

"Msinitazame hivyo," Hamdani alisema. "Mimi sijasema kitu kwa mtu."

"Mwacheni Hamdani," Elikana alisema. "Hakuna aliyeniambia. Mliniambia wote."

"Sisi?"

"Mlikwenda dukani kwa mke wangu kununua kitenge. Mmoja mmoja, kwa kujificha, na kila mmoja akachagua hikihiki. Mama Bariki akawa anauliza, jamani, kuna shughuli gani? Wa kwanza akamwambia harusi ya Mwamgongo. Wa pili akasema msiba wa Kibondo. Wa tatu kipaimara. Wewe Léoncie ulisema nini vile?"

Léoncie alitazama sakafu.

"Tohara," alisema. "Tohara ya watoto wa jirani."

"Mke wangu akarudi nyumbani ananiambia, baba Bariki, wafanyakazi wako wana harusi, msiba, kipaimara na tohara, vyote Jumapili moja na vyote kitenge kimoja. Mnaona? Mimi sikupeleleza mtu."

Wazo la kwenda mmoja mmoja lilikuwa la Mwanvua, tena siku ile alilisifu mwenyewe. Sasa alikuwa anakiangalia kile kitenge mapajani mwake kana kwamba kimemsaliti.

"Na hilo shati," aliuliza, "nani amekushonea?"

"Wewe."

Mwanvua akainua macho. Aliitazama kola ya lile shati, akaitambua, kwa sababu kola ile ilikuwa ya mkono wake, ncha zake mbili zimekaa sawasawa. Katika karakana ya Elikana hakuna anayeshona shati zima. Hamdani anakata, vipande vinafungwa mafungu mafungu, mmoja anashona kola, mwingine mikono, mwingine anatia vifungo, na mtu anaweza kushona mwaka mzima asijue kola zake zimevaliwa na nani. Sare za chama nazo walizishona hivyohivyo, wakati wa chai, harakaharaka.

"Hamdani," Mwanvua akasema. "Wanaume kwenye chama ni wewe na mjumbe wa Kasulu. Ulikata mashati mangapi?"

"Matatu."

"Matatu ya nani?"

"Mama Bariki alinipa kitambaa na vipimo kulekule dukani. Akasema ni vya ndugu yenu wa kwenye shughuli. Sikutaka kuuliza shughuli ipi."

"Na kile kiuno hakikukushtua?" Léoncie akadakia.

"Kilinishtua. Nikadhani ni mchungaji."

Chekechea nzima ikacheka. Elikana naye akacheka mpaka akajifuta machozi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu ni kazi kubwa kumgomea mtu mliyetoka kucheka naye.

Bibi Verediana alinyoosha mkono. Huyu ndiye mtia vifungo, mkubwa wao kwa umri. Aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi enzi zile za chama kimoja, wakati mwajiri, kiongozi na mfanyakazi walikaa meza kuu pamoja, wakaimba wimbo mmoja, kisha wakagawana soda.

"Mwenyekiti, nina hoja," alisema. "Chama bila mlezi ni mtoto bila baba. Kwaya ina mlezi. Timu ya mpira ina mlezi. Hata chama chetu cha kuzikana kina mlezi. Sasa huyu baba amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Tunamtafuta mwingine wa nini?"

"Bibi," Mwanvua alisema kwa utaratibu, "huyo mlezi ndiye tunayemgomea."

"Ndiyo nasema. Ukimgomea mtu aliye mbali, atajuaje?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Elikana akainua viganja, akasema hapana, yeye hastahili, wamtafute mtu mwenye hekima zaidi. Akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo lisilo na maana, kwamba Mama Bariki yuko njiani na pilau ya mbuzi.

Mikono ilinyooka kabla hajamaliza sentensi. Iliyobaki chini ilikuwa ya Mwanvua, ya Léoncie na ya Recho. Mjumbe wa Kasulu alisema yeye ni mgeni na hapigi kura, ila angependa kujua kama wajumbe wamo kwenye hesabu ya pilau. Bibi Verediana akaomba makofi ya kilo, na makofi ya kilo yakapigwa.

Mwanvua aliona aibu kali. Yeye ndiye aliyekwenda nyumbani kwa Recho kumwambia asilie, chama kinakuja. Sasa chama kimekuja, na kimemweka mfukuzaji kwenye kiti cha mwalimu. Alitamani sakafu ipasuke.

"Nashukuru kwa heshima hii," mlezi alisema. "Kwanza, kama mlezi, naufuta ule mgomo wa kesho. Msishangae, uamuzi wenu niliusikia nikiwa hapo mlangoni. Mgomo ni mambo ya zamani, sisi tutazungumza kifamilia. Pili, nitaweka feni. Tatu, chai ya saa nne itakuwa na sukari."

"Na Recho?" Mwanvua aliuliza.

"Suala la Recho tutaliundia kamati."

"Itakaa lini hiyo kamati?"

"Kamati ikiundwa itajipangia yenyewe."

"Kabla ya Recho kujifungua au baada ya mtoto kuanza shule?"

"Mwanvua, mwanangu, usiwe na haraka."

"Bosi," Recho alisema, "mimi niko hapa hapa."

Gauni lake lilikuwa limeachiwa mishono ya pembeni ili tumbo lipate nafasi. Elikana hakumtazama. Alitazama juu, kwenye michoro ya samaki ambayo watoto walikuwa wameibandika ukutani, akaonekana kuvutiwa nayo sana.

"Oya," Léoncie akasema akisimama. "Hapana. Mimi nauliza kitu. Bosi, wewe umekuja hapa kama mgeni?"

"Mimi ni mlezi. Mgeni wa heshima, tuseme."

"Mgeni rasmi havai sare."

Viti vya watoto vikalia, watu wakigeuka kumtazama.

"Nimeishi Ujiji hii, nimekwenda harusi, nimekwenda maulidi," Léoncie aliendelea. "Mgeni rasmi anavaa suti yake, au kanzu yake, anakaa, analetewa chakula. Aliyevaa sare ni mwenye shughuli. Anapakua, anaosha masufuria, anafuata walichopanga wenzake. Dada Mwanvua, nasema uongo?"

Mwanvua aliinuka kwenye kile kiti cha mtoto. "Ujiji nzima inajua hivyo," alisema. "Ukivaa sare umeingia kwenye shughuli. Na shughuli yetu tuliipanga kabla hujagonga mlango, bosi. Kesho tunagoma. Kwa hiyo na wewe unagoma."

"Nimgomee nani?"

"Elikana."

Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Bibi Verediana alikuwa amekunja uso akifikiri, na ndipo akatoa hukumu iliyomshangaza kila mtu.

"Hilo ni kweli," alisema. "Kwenye harusi ya binti yangu kaka wa bwana harusi alivaa sare yetu kwa kujipendekeza. Tulimpa masufuria yote. Aliyasugua mpaka jioni."

Elikana alilegeza kifungo cha juu. Jasho lilikuwa limeanza kuonekana chini ya mabawa ya njano.

"Hata kama," alisema. "Hata kama mimi ni mwanachama, hata kama ninajigomea mwenyewe, Recho atakalia nini? Cherehani yake ni mbovu. Niliipeleka Kasulu kwa fundi tangu alipoondoka."

Mjumbe wa Kasulu akanyoosha mkono. Anaitwa Meshack, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, na tangu afike alikuwa hajasema zaidi ya lile neno moja kuhusu pilau.

"Samahani bosi. Ulipeleka kwa fundi yupi?"

"Yupo mmoja pale karibu na stendi."

"Karibu na stendi tuko wawili tunaotengeneza cherehani. Mimi na kaka yangu." Meshack alisema kwa huzuni, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mji wake. "Yako hatujaipokea."

Ndugu msomaji, kuna watu waliouliza wiki iliyopita kwamba chama cha mkoa mzima kina faida gani kuliko cha karakana moja. Nadhani wamejibiwa.

Elikana alifungua kinywa, na mlango ukafunguka pamoja nacho. Mama Bariki, yaani Diana, mke wake wa ndoa, aliingia na sufuria la pilau amelishika kwa kanga, gauni lake la bluu lenye mabawa ya njano limemkaa vizuri kuliko la mtu yeyote mle ndani. Kwa jinsi alivyosimama, ilikuwa wazi kwamba amesikia maneno ya mwisho akiwa nje.

"Cherehani ipi ni mbovu?" aliuliza.

"Mama Bariki, weka chakula kwanza."

"Nauliza cherehani ipi. Ile nyeusi ya dirishani? Ile ya mama yangu?"

Hapakuwa na fundi asiyeijua. Mama yake Diana alimpa cherehani ile siku anaolewa, na Diana aliitumia kushonea magauni ya watu barazani mpaka ikazaa cherehani ya pili, ya tatu, na hatimaye karakana nzima, ambayo leo inaitwa kwa jina la mumewe. Siku hizi yeye yuko dukani tangu asubuhi hadi jioni na karakanani Buzebazeba hafiki.

"Si uliniambia Recho ameacha kazi mwenyewe," Diana alisema, "na msichana mpya anaikalia?"

Uongo mmoja ni rahisi kuufuga. Ukikutana na mwenzake chumba kimoja hugombana. Elikana alisema kwamba mambo ya nyumbani yasizungumzwe mbele ya watu, kisha akasema pilau inapoa.

"Haiko Kasulu, mama," Recho alisema.

Alisema polepole, akiwa bado amekaa.

"Tangu nifukuzwe naanika dagaa ufukweni Kibirizi. Kesho yake tu, asubuhi, niliiona inashushwa kwenye bajaji. Ikapandishwa kwenye boti ya Mwamgongo. Niliitambua kwa mbali, nimeikalia miaka. Siku zote nilikuwa najilaumu kwa hili tumbo, nikasema labda kweli ningengoja, labda kweli nimekosea kuzaa sasa." Alilishika tumbo kwa mikono miwili. "Sikufukuzwa kwa sababu ya tumbo. Nilifukuzwa ili pale dirishani pawe wazi, cherehani itoke."

Mwanvua alimshika bega. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Wale waliopiga makofi ya kilo walikuwa wanatazama viganja vyao.

"Yampayinka," Léoncie alishangaa kwa Kirundi, kwa sauti ya chini.

Diana aliliweka sufuria juu ya meza ya watoto, taratibu, bila kumwaga hata punje.

"Ilikwenda kwa nani, Recho?"

"Kuna mtu aliipokea kwenye boti. Akakaa nayo, amekipakata kichwa cha cherehani kama mtoto. Namfahamu."

Elikana alisimama kwa kasi, kiti cha mwalimu kikaanguka nyuma yake.

"Recho, mwanangu," alisema, "kesho asubuhi njoo kazini. Yameisha. Nimekusamehe. Kamati haina haja tena."

Basi. Lile ambalo chama cha mkoa mzima kilikuwa hakijalipata, kwa hoja, kwa kura na kwa mgomo, limepatikana ghafla kwa sababu mtu amemwogopa mkewe. Recho alichotakiwa kufanya ni kitu kimoja tu, kufunga mdomo. Alikuwa na nyumba ya kupanga na mtoto njiani. Kila mtu mle ndani alijua kwamba angenyamaza hakuna ambaye angemlaumu, na Mwanvua, Mungu amsamehe, alijikuta anaomba anyamaze.

"Ahsante bosi," Recho alisema. "Nitakuja."

Elikana akashusha pumzi ndefu.

"Recho," Diana alisema. "Nimekuuliza ni nani."

"Nimekusikia, Mama Bariki. Na shikamoo, sikukuamkia." Recho alijiinua, akasimama mbele yake, wanawake wawili wa sare moja. "Nitakwambia. Nitakwambia jina lake na nyumba yake. Lakini kesho, nikishakaa kwenye cherehani ile ya mama yako, pale dirishani, mguu wangu uko kwenye pedali. Siku nyingine yoyote, mahali pengine popote, mimi sijui kitu."

Diana alitikisa kichwa kama mfanyabiashara aliyeridhika na bei.

"Utakaa," alisema. Akamgeukia mumewe. "Baba Bariki, wewe ndiye unayejua ilipo. Utaifuata Mwamgongo. Kesho nafunga duka, nitakuwa pale karakana nangoja, na isipofika nitakwenda Mwamgongo mwenyewe kugonga mlango mmoja baada ya mwingine."

Elikana alikuwa anapiga hesabu, na mtu yeyote angeweza kuisoma usoni mwake. Asipoileta cherehani, mke wake ataifuata. Akiileta, Recho ataikalia. Recho akiikalia, mguu utagusa pedali, na mdomo utafunguka.

Mwanvua alikiinua kile kiti cha mwalimu, akakikung'uta vumbi, akakaa.

Mlezi wa chama akamsogelea. Aliinama mpaka ile kola nzuri ikamgusa mwenyekiti shavuni, akanong'ona.

"Mwenyekiti, ule mgomo wa kesho, kwamba hakuna mguu kwenye pedali. Si bado upo?"